Jina Nililomsomea Mama Mkubwa

Katika kabati la kioo sebuleni kwangu, Carama, nina vitu kumi na kimoja vya Misri ya kale, na sidhani kama kuna nyumba nyingine Bujumbura yenye hata kimoja. Kuna hirizi sita za mawe na udongo: jicho, nguzo, yule mdudu anayevingirisha mavi, ambaye kwao alikuwa alama ya jua linalochomoza. Kuna sanamu nne ndogo za kijani. Na kuna moja ya buluu, yenye urefu wa kiganja, iliyoandikwa kwa wino mweusi toka kifuani hadi miguuni. Hiyo niliinunua ghali kuliko zote, na ndiyo iliyoniaibisha.

Niseme kwanza nilivyofika hapo, kwa sababu sikurithi kitu. Niliondoka Jabe, mtaa nilikokulia, na begi moja. Nilirudi kutoka Ubelgiji baada ya miaka kumi na tisa na diploma ya ufundi wa mashine za baridi, yenye mihuri miwili, ambayo nimeitundika juu ya kabati hilohilo. Nyumba nimeijenga mwenyewe. Huko Ubelgiji nilikuwa nikitunza mashine katika duka la mzee mmoja aliyeuza vitu vya kale, na mzee huyo hakukubali fundi mwingine aziguse. Alinifundisha kutofautisha kitu cha kweli na cha kuiga, na kila nilichonunua kwake kina karatasi zake. Maandishi hakunifundisha. Hata yeye hakuyajua.

Siku nilipowaalika watu kuiona nyumba, mama mkubwa alikuja kutoka Jabe. Ni dada mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Kazi yake ni kuosha maiti wa kike. Wanamjia saa yoyote, naye anachukua mfuko wake na kuondoka bila kuuliza zaidi ya jina la marehemu.

Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na kabati. Nikavaa glovu nyeupe, nikafungua kwa ufunguo, nikaiweka sanamu ya buluu mezani na kuanza kuwaelezea wageni. Watu wenye uwezo walizikwa na sanamu kama hizi, niliwaambia, ili marehemu akiitwa kwenda kulima huko ahera, sanamu iitike badala yake na kushika jembe.

“Kumbe hata kaburini walienda na boyi,” mama mkubwa alisema, na sebule nzima ikacheka. Kisha akauliza, “Na huyu mwenye boyi, anaitwa nani?”

Nilimjibu kwamba jina la marehemu limeandikwa hapo kwenye sanamu.

“Soma basi. Si we uko na diploma?”

Hakusema kwa kunichokoza. Alisema huku akiwatazama wageni mmoja mmoja, ili wamwone mtoto wake. Walikuwapo wahandisi wawili wa kazini kwangu na jirani anayefundisha chuo. Mbele yao sikuweza kusema “sijui”. Niliweka kidole kwenye alama ya kwanza kushoto, nikakiteremsha polepole, nikasoma jina. Nusu ya kwanza niliitoa kwenye jina la dawa ya kikohozi niliyokuwa nikitumia siku zile, nusu ya pili niliitunga ili isikike ya kale. Sitalitaja hapa. Limeshatajwa vya kutosha.

“Mwanaume ao mwanamuke?”

“Mwanamume,” nikasema, kama mtu aliyekuwapo mazikoni.

Alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua. Aliurudisha. Akatwaa kitambaa cha meza, akaifunika sanamu hadi kichwani. “Mi naosha wanawake,” akasema. “Mwanaume simushike.”

Mhandisi mmoja alisema sasa mfalme wa Misri amevalishwa ushungi, wakacheka tena. Mama mkubwa hakucheka. Midomo yake ilikuwa ikilirudia lile jina, taratibu, kama anavyofanya akipewa jina la marehemu, kwa kuwa hajui kuandika na kila kitu anakiweka kichwani.

Nililisahau jambo hilo. Wiki kadhaa baadaye, Ijumaa, nilipita kwake Jabe kumsalimia. Kila Ijumaa baada ya swala huwa anabaki kwenye mkeka na kuwataja wafu wake mmoja mmoja, akiwaombea. Nilikaa pembeni nikinywa chai. Akamtaja baba yake, akamtaja mama yangu, akaendelea na wanawake aliowaosha ambao hawakuwa na ndugu. Wa mwisho alikuwa yule wa dawa ya kikohozi.

Nilimuuliza kwa nini amemtia huyo.

“Iko mbali na kwao,” akasema. “Nani atamutaja huku?”

Jirani yake, alinisimulia, alimwambia kwamba watu wa Firauni hawaombewi. Naye akamjibu kwamba mke wa Firauni mwenyewe alikuwa muumini, na hakuna mtu aliyezunguka Misri akiuliza nyumba kwa nyumba nani aliamini. Kisha akaniuliza jinsi mtu huyo alivyotoka kaburini hadi kufika kwangu. Nikasema nina karatasi za ununuzi.

“Karatasi yake ao yako?”

Nilicheka. Nikamaliza chai, nikaondoka bila kusema kweli, na tangu hapo nikawa namtembelea Jumapili.

Miaka miwili ilipita hivyo. Hatimaye nilipiga picha za sanamu nikazituma kwa mwanamke mmoja huko Ubelgiji, mwalimu wa maandishi hayo, nikitumaini kwamba labda nilibahatisha hata herufi moja. Jibu lake lilikuwa refu na la upole. Alama zinatazama kulia, kwa hiyo husomwa kuanzia kulia. Mimi nilianzia mkiani. Mwenye sanamu alikuwa mwanamke. Cheo chake kimeandikwa wazi: bibi mwenye nyumba. Jina lenyewe limefutika kidogo, na hata pale linapoonekana, watu wale hawakuandika irabu, hivyo yeye hajui lilitamkwaje. Katika barua moja, mtu mwenye shahada zinazozidi diploma yangu mara nne aliandika “sijui” mara tatu.

Niliifunga barua na kuamua kunyamaza. Ningeweza kunyamaza hadi leo. Lakini karibu na Ramadhani mama mkubwa alinipigia simu, akataka niende Jabe na kalamu. Kulikuwa na hitima ya wafu wa ukoo, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kumtupa. Alitaka majina yote yaandikwe, ili mwalimu wa madrasa ayasome mbele ya watu.

“Andika muzuri,” akasema. “Watajua ni we uliandika.”

Nilikaa naye mkekani mchana ule. Alitaja, nikaandika. Babu. Bibi. Mama yangu, na hapo mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko mahali pengine popote. Kisha akalitaja lile jina, wazi kabisa, bila kukosea silabi, yeye aliyeanza kusahau majina ya wajukuu. Kalamu haikwenda. Niliona uwongo wangu ukisomwa kwa sauti, mstari mmoja chini ya mama yangu.

“Mama mkubwa, hilo jina nililitunga. Sijui kusoma yale maandishi.”

Akauliza, “Yote?”

“Yote. Na si mwanamume. Ni mwanamke.”

Nilitegemea atakasirika kuhusu dua. Aliangalia mikono yake. “Kwa hiyo nilimunyima mukono bure,” akasema. “Mwanamuke amefika mbele yangu, nikamufunika kama mwanaume wa watu.” Baadaye kidogo akaongeza, “Ungesema tu ‘sijui’. Mi nasema sijui kila siku, na bado wananiita.”

Akaniambia nimlete.

Nilikwenda Carama nikarudi nayo, imefungwa kwa pamba. Alikuwa ameshatayarisha beseni na maji ya vuguvugu. Mtu yeyote mwenye vitu hivi anajua kwamba havipewi maji. Chumvi iliyomo ndani huamka na kuharibu rangi. Nilifungua mdomo kumweleza.

“Najua ni udongo,” akasema. “Akili sijapoteza.”

Nikaufunga. Leo mguu wa kushoto wa sanamu una doa jeupe ambalo halikuwapo, na sijamwonyesha. Niliisogeza meza, nikavuta kigoda nikae.

“Apana. Toka,” akasema. “Huyu ni mwanamuke.”

Nilitoka. Alifunga mlango nyuma yangu, nikasimama uani bila viatu, nikisikia maji yakimiminwa kidogo kidogo. Fundi magari wa nyumba ya pili alikuwa akipita, akanisalimia, akauliza mbona nimewekwa nje kama mgeni.

Nikamwambia mama mkubwa yuko ndani na mwanamke.

“Nani?”

“Sijui jina lake,” nikasema.