Nililinda Kompyuta ya Shemeji

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza, shemeji alikuwa amekuja nyumbani kwetu kujitambulisha. Alikaribishwa kiti, akakaa, akasalimia wakubwa kwa wadogo, kisha macho yake yakaenda ukutani yasirudi. Baba alipomuuliza habari za kwao alijibu, "Nzuri, mzee," halafu akaongeza, taratibu kabisa, "Ukuta wenu huu umelala kidogo upande wa dirishani."

Shangazi, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulishika mkia, akamuuliza mgeni, "Baba, umekuja kuoa au kubomoa?"

Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anachumbiwa, alicheka mpaka akatoka nje. Mgeni hakucheka. Baba akainuka, akaazima pimamaji kwa jirani, akaliegemeza ukutani. Lile tone la hewa ndani yake likakimbilia pembeni na kukaa huko huko. Baba akalirudisha pimamaji kwa jirani, akarudi kukaa, akasema, "Haya, tuendelee."

Basi jina lake kwetu likawa Pimamaji. Mimi nilimwita shemeji tu. Ni mtu wa kuona haya, na majina ya utani hunikwama kooni.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba za watu. Mwanzo alichora kwa rula na penseli kwenye meza ya kulia chakula, baadaye kwa kompyuta. Kompyuta yenyewe hakuinunua nzima. Aliiunda, kipande baada ya kipande, na ubavu mmoja wa kasha lake hakuufunga kamwe, kwa hiyo ukiingia chumbani ulikuta matumbo yake yote nje, nyaya na feni na vitaa. Aliikalia kutwa. Mdogo wangu alikuwa akiiita ile mashine mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu kaamkaje leo?" alikuwa akiuliza akiweka chai.

"Hajambo," shemeji alikuwa akijibu bila kugeuka.

"Mwambie aliyetangulia hapa ni mimi."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kikombe changu. Kazi yangu ni mlinzi wa lango la ghala, zamu ya usiku, kwa hiyo mchana nilikuwa na nafasi. Sina mke, sina watoto. Nyumba niliyokuwa naingia bila kubisha hodi mara mbili ni ile moja.

Ilifika wakati ramani zikawa nzito, mashine ikawa inachelewa. Shemeji akatafuta kadi mpya ya picha na kisanduku kipya cha umeme. Mdogo wangu naye hakutaka kupitwa. Alikwenda dukani mwenyewe akarudi na vijiti viwili vya kumbukumbu, vile mafundi wanavyoviita ramu. Alikuwa amevitoa kwenye pakiti akavifunga kwenye leso, ndani ya mkoba. Yeye hakuwahi kununua kitu bila kukishika. Nyanya alizibonyeza, shuka alizinusa, na vijiti vile alivigeuzageuza dukani mpaka muuzaji akachoka.

"Nimemletea mke mwenzangu hereni," akasema.

Shemeji alizipachika siku hiyo hiyo, pamoja na vitu vingine vyote. Mashine ikawaka, ikaenda kwa kasi. Mdogo wangu akapiga makofi. Wiki hiyo hiyo alisema kichwa kinamuuma. Alilazwa, na hospitali hakutoka kwa miguu yake.

Sina mengi ya kueleza juu ya siku zilizofuata. Watu walikuja, watu wakaondoka. Viti vya kuazima vikarudishwa. Mimi niliendelea kwenda pale mchana kama zamani kwa sababu miguu ilikuwa imezoea. Nilikaa, shemeji alikaa. Ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile aliyekuwa akizungumza ni mtu mmoja tu, sisi wawili tulikuwa wasikilizaji.

Wahenga wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuja lenyewe, maana kompyuta ilianza kuzima. Haikuzima kwa utaratibu wowote. Wakati mwingine ilifanya kazi asubuhi nzima, ikaanguka mara tu alipomaliza mchoro wa paa. Wakati mwingine iliganda. Wakati mwingine kioo kizima kiligeuka bluu na kujaa maandishi, kisha ikajiwasha upya kama mtu aliyeshtuka usingizini.

"Shemeji," akaniambia, "wewe umezoea kulinda vitu visivyokimbia. Nilindie hii. Lazima nipike, lazima nifue, siwezi kuitazama saa zote. Nataka kujua inakufaje."

Akaniwekea kiti kando ya meza.

"Ikigeuka bluu, niite. Ikiganda, niite. Ikizima kimya kimya, sikiliza kama feni imepiga kelele kwanza, halafu niite."

Nikakaa. Nilikuwa naitazama, na ikizima naita, "Shemeji," naye anakuja akifuta mikono, anauliza, "Imekufaje?" Namwambia. Anasema, "Ahaa." Hayo yakawa mazungumzo yetu, na yalitutosha.

Alikuwa na sheria moja. "Unabadilisha kitu kimoja, unasubiri. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua mchawi ni nani." Alichomoa kadi mpya ya picha akarudisha ya zamani. Tukasubiri. Ikazima. Akaazima kisanduku kingine cha umeme. Ikazima. Akasafisha feni kwa brashi ya rangi, akapaka upya ile dawa nyeupe ya kupoza moto. Ikazima. Akaihamishia chumba cha pili kwenye soketi nyingine, mimi nikabeba kiti changu nyuma yake. Ikazima huko pia. Akafuta kila kitu akapiga windo upya, kama mafundi wasemavyo, yaani akaiwekea programu zake tangu mwanzo. Ikakaa vizuri mpaka tukaangaliana. Halafu bluu.

Mimi sikusoma zaidi ya shule ya msingi, na mambo ya kompyuta siyajui. Lakini mtu akitafuta ufunguo nyumba nzima, akapekua hadi chini ya godoro, na mfuko mmoja wa suruali hataki kuugusa, mlinzi yeyote huona. Hereni zilikuwa palepale, zimesimama sambamba katikati ya ubao. Kila alipoingiza mkono ndani ya kasha, mkono ulizizunguka.

Wateja wakaanza kupungua. Mwenye duka la dawa, aliyekuwa akisubiri ramani ya nyumba yake ya kuhamia, alikuja akasimama mlangoni. "Mwalimu wangu wa michoro, nakuombea," akasema, "lakini mafundi wangu wamekaa juu ya matofali wanacheza bao." Akaichukua kazi akaipeleka kwingine. Kaka mkubwa wa shemeji akapiga simu kutoka mji mwingine. Simu ile ina sauti kubwa, nikasikia yote.

"Achana na hilo kopo," kaka akasema. "Funga virago uje huku. Dukani kwangu kuna nafasi ya kukaa."

"Nitaangalia," shemeji akasema.

"Utaangalia nini? Mwisho wa mwezi nakuja na gari."

Alipokata simu alirudi kwenye bisibisi yake. Mimi niliendelea kukitazama kioo. Nilijua kwamba mashine isipopona anaondoka, na akiondoka sina nyumba ya kuingia. Nililijua hilo kama mtu anavyojua mvua itanyesha. Halikuniuma mahali popote ninapoweza kupaonyesha.

Siku moja alimwita fundi wa pale kona, mtu mnene mwenye kutafuna ubani muda wote. Fundi aliinama, akachungulia.

"Ramu umezipima, mzee?"

"Ramu ni nzima."

"Sikuuliza kama ni nzima. Umezipima?"

"Ni mpya zile."

"Hata maiti wa leo ni mpya," fundi akasema, akacheka peke yake. Kisha akaona hakuna aliyecheka, akanitazama mimi, akaitazama picha ya mdogo wangu juu ya kabati, akaacha kutafuna. "Samahanini. Pimeni ramu, jamani. Moja moja." Akaondoka bila hata kukaa.

Tukabaki. Shemeji alichukua brashi akaanza kusafisha feni ambayo ilikuwa safi. Mashine ilikuwa inawaka. Mchoro wa choo na bafu ulikuwa kwenye kioo, mlango mmoja bado haujawekwa. Halafu kioo kikageuka bluu.

Kwa kawaida ningesema "Shemeji" nikanyamaza. Siku ile neno lilivuta lingine.

"Shemeji," nikasema. "Zile hereni."

Brashi ikasimama. Hakunigeukia. Nilisikia jirani anaburuta ndoo uani, mpaka ikafika bombani. Shemeji akachomoa waya wa umeme ukutani, akasogea nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Zivue wewe," akasema.

Vidole vyangu ni vya kufungulia makufuli. Alinielekeza kutoka kule kule alikosimama: gusa kwanza chuma cha kasha, bonyeza vishikizo vya pembeni, vuta juu moja kwa moja, usipindishe. Nikavua ya kwanza. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa. Tukaiwasha mashine na ile ya pili peke yake.

Haikuzima siku hiyo. Wala kesho yake, wala keshokutwa. Ndipo akaniambia nizibadilishe, hii itoke ile iingie, ili tuwe na hakika. Ilizima kabla chai haijapoa.

"Ahaa," shemeji akasema.

Kwa hiyo moja ilikuwa nzima na moja ilikuwa mbovu. Nzima akairudisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Mbovu aliifunga kwenye leso akaiweka juu ya kabati la vyombo. Akampigia kaka yake simu akamwambia asije na gari. Kaka akauliza, "Kopo limepona?" Shemeji akasema, "Limepona." Mimi nikarudi kwangu, nikalala, nikaenda langoni.

Kazi zilianza kurudi. Kwanza mwalimu mmoja aliyetaka vyumba vya kupangisha, halafu hata yule wa duka la dawa alirudi na ramani ya ukuta wa nje. Niliendelea kwenda, lakini mashine haikuzima, na mtu anayelinda kitu kisichozima ni pambo tu. Mara ya mwisho nilipokwenda nilikuta kile kiti kimejaa ramani zilizokunjwa. Shemeji alikuwa anaongea na mteja kwenye simu, akanipungia mkono nisubiri. Nikasubiri nimesimama. Alipomaliza alitazama kiti, akatazama meza kama kuna mahali pa kuzihamishia, hapakuwepo. Nikasema napita tu. Akanisindikiza hadi mlangoni.

Sasa nikienda kazini napita barabara ile ile. Dirisha huwa wazi, na feni inasikika mpaka nje kama mtu anayepuliza chai. Simu yangu naichaji kila siku kabla ya kwenda langoni. Haijazima hata mara moja, ni mashine nzuri. Siku ile ya mwisho, mlangoni, shemeji alisimama akiushika mwimo, akautazama kidogo kama anaupima kwa macho, halafu akanitazama mimi.

"Ikizima tu, shemeji, nitakuita."