Saladi ya Boga na Korosho

Binti yangu alinipigia simu Jumatano, akaniomba nisipike pilau.

"Leta kitu chepesi tu, Mama. Saladi ya pasta. Nitakutumia maelekezo, ni rahisi sana."

Jumamosi ile ilikuwa sikukuu ya watakatifu wote, siku ambayo Waswidi huenda makaburini kuwasha mishumaa. Mama wa mchumba wake alikuwa ametualika chakula cha mchana nyumbani kwake Hässelby, upande wa pili wa jiji. Mimi na mama huyo hatukuwa tumeonana hata siku moja. Kabla hajakata simu, binti yangu aliongeza kwa Kiswahili chake cha kujitahidi, "Halafu yeye hali karanga. Akila anaumwa."

Nikasema sawa, basi. Sikuuliza zaidi, na mimi ndiye hasa niliyepaswa kuuliza. Ni mwaka wa kumi na moja sasa nafanya kazi jikoni kwenye shule ya chekechea. Sufuria za watoto wenye mzio tunaziweka rafu ya peke yake, na miko yake ina alama nyekundu.

Jumamosi niliamka kabla hakujapambazuka. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kweli. Nilikata boga vipande, nikavipaka mafuta na chumvi, nikavitia kwenye oveni. Nikachemsha pasta, zile zilizosokotwa. Nikakatakata matufaha mawili na jibini nyeupe, nikachanganya siki na asali. Ndani ya saa moja nilikuwa nimemaliza, na hapo ndipo wasiwasi uliponishika. Kwetu Morogoro mtu haendi kwa wakwe na boga na pasta baridi. Mama yule angesema nini? Kwamba binti huyu katoka kwa mwanamke asiyejua kupika?

Nikafungua kabati. Kulikuwa na mfuko wa korosho ambao dada yangu alinitumia kutoka Mtwara. Nikazikaanga bila mafuta mpaka zikaanza kunukia, nikazikatakata kwenye kibao, nikazimwaga kwenye bakuli na kukoroga. Nikaonja. Sasa ilikuwa saladi ya mtu.

Saa nne na nusu simu ikalia. Binti yangu alikuwa tayari Hässelby, akisaidia kupanga meza. Safari hii aliuliza kwa Kiswidi, kama afanyavyo akiwa na haraka: hakuna *nötter* humo ndani, hata za aina yoyote, sivyo?

Neno hilo nalijua vizuri. Limebandikwa kwenye mlango wa jikoni kwetu kazini. Ni karanga, ni korosho, ni lozi, ni zote. Nilitazama bakuli. Nyuma ya sauti ya binti yangu nilimsikia mwanamke akicheka, anamwambia mtu alete viti. Nilijua ni mama wa mchumba.

"Hamna," nikasema.

"Safi. Tunakusubiri saa saba."

Nikabaki nimeshika simu. Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani niliogopa binti yangu asije akaaibika mbele ya mwanamke yule kwa sababu yangu, na neno likanitoka kabla sijalipima. Sasa ilinibidi niligeuze liwe kweli.

Nikaihamishia saladi ya kwanza kwenye chombo kingine, nikakifunika, nikakitia kwenye friji. Nikaosha bakuli mara tatu kwa maji ya moto, nikaosha kisu, trei na chujio. Kibao nilikitupa. Boga lilibaki nusu, tufaha lilibaki moja, na pasta niliyoipata kabatini ilikuwa ya aina nyingine, fupi fupi kama vidole vya mtoto. Maduka yalikuwa wazi, lakini muda wa kwenda na kurudi sikuwa nao. Boga nililitoa kwenye oveni halijaiva sawasawa. Kwa haraka siki nikaimwaga. Saa tano na dakika hamsini nilikuwa nakimbilia kituo cha treni cha Farsta, bakuli nimelikumbatia kifuani.

Ndani ya treni nilianza kupitia yote kichwani. Bakuli, nimeosha. Kisu, nimeosha. Trei, nimeosha. Tulipovuka daraja la Alvik, maji ya kijivu chini yetu, nikajiuliza: nilikoroga kwa mwiko gani?

Mwiko wangu ni mmoja tu, wa mti. Ulikuwa umelala pembeni ya jiko tangu asubuhi. Nilijaribu kukumbuka nikiuosha, nikashindwa.

Ningeweza kushuka. Ningeweza kuitupa saladi kwenye pipa la stesheni na kusema nimeisahau. Kila kituo nilijiambia, kinachofuata. Mara nikawa nimefika mwisho wa reli, binti yangu amesimama pale na koti lake jekundu, ananipungia mkono, anapokea bakuli.

Mama mkwe wake alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe. Alinishika mikono yote miwili, akasema amefurahi mno, kisha akaiweka saladi yangu katikati ya meza, mbele ya samaki na viazi. Tulikuwa wanne: mimi, yeye na wale wachumba wawili. Alijipakulia yeye kwanza, kwa heshima yangu. Nikamwona anachoma kipande cha boga kwa uma. Nikaona uma unapanda.

"Ngoja!"

Neno lilitoka kwa Kiswahili, tena kwa nguvu. Uma ukasimama.

"Nini, Mama?" binti yangu akauliza.

Nikamweleza kwa Kiswahili, mbio mbio: korosho, saladi ya kwanza, mwiko. "Uliponiuliza nilikudanganya," nikasema. "Mwambie asile."

Uso wake ulibadilika. Akamgeukia mama mkwe wake, akasema kwa Kiswidi kwamba huenda saladi imegusana na korosho, kwamba kosa ni lake mwenyewe, alitumia neno lisilo sahihi alipomweleza mama. Uongo wangu hakuutaja.

Kiswidi changu kina mabonde, lakini nakielewa. Ningeweza kunyamaza pale. "Hapana," nikasema kwa Kiswidi hicho hicho. "Leo asubuhi aliniuliza vizuri. Nilisema hamna. Nilisema uongo, kwa sababu niliona haya."

Mchumba wa binti yangu aliinuka, akatoa bakuli na sahani ya mama yake nje kwenye baraza. Mama yule akaenda kunawa mikono. Nilisikia maji yakitiririka kwa muda mrefu, nikawa natazama kitambaa cha meza na kungoja nionyeshwe mlango.

Aliporudi akaniita jikoni. Akafungua droo ya juu, karibu na vijiko, akatoa sindano ya dawa yenye umbo la kalamu.

"Ukiona uso wangu unavimba, unachoma hapa," akasema, akajigusa paja. "Kwa nguvu, hata juu ya suruali. Halafu unapiga simu." Akanitazama. "Mara ya mwisho, aliyepika alijua na akanyamaza. Nilizindukia hospitali."

Kazini tunafundishwa sindano hiyo kila mwaka. Sikumwambia. Nilitikisa kichwa kukubali, akairudisha kwenye droo, tukaenda kula samaki.

Jioni ilianza kuingia mapema, kama ilivyo mwezi wa kumi na moja, tulipokwenda kuwasha mshumaa kwenye kaburi la mume wake. Njia ilikuwa na majani yaliyolowa, yanateleza. Binti yangu alinishika mkono ili nisianguke, lakini hakunisemesha. Alikasirika hadi Jumanne. Siku hiyo alinipigia, akasema aliniona mjinga kwa kudanganya, na kwamba pale mezani alitamani ninyamaze.

"Ungenyamaza," akasema mwishowe, "nisingekuamini tena na mtoto."

"Mtoto gani?" nikauliza, nikatafuta kiti nikakaa.