Nilivyostaafu Makoti ya Kumeta

Si kweli, Dada Upendo, kwamba mtu wa miaka ishirini na mbili hawezi kuandika kumbukumbu za kazi. Unasema nisubiri nizeeke. Kazi yenyewe imezeeka kabla yangu, sasa nisubiri nini?

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya kuwanunulia wateja wa nyumbani nguo, Bosi Mama Koku alinipeleka Shisanhang alfajiri, kwenye soko la nguo za jumla. Pale hujaribu nguo. Unachukua paketi nzima, saizi zote, na ukiomba moja tu, laoban mwenye duka anakujibu kwa Kichina "mei you", hakuna, wakati unaziona zimening'inia nyuma yake. Mama Koku alishika koti la kumeta akaligeuza ndani nje. "Mbele usiangalie," akaniambia. "Ukiona uzi, chukua. Ukiona gundi, tembea."

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mzee Gervas, mpiga gitaa wa Arusha. Bendi yake inapiga roki ya Waingereza ya zamani, ile ya wanaume kuvaa raizoni, viatu vya soli nene, na kujipaka rangi machoni. Alinisimulia kwa voisi za simu, nami nasikiliza ndani ya treni ya metro mpaka napitiliza Xiaobei, kituo changu. Eti kijana wa mtaa wa viwandani alipanda jukwaani anameta kama katoka kwenye nyota, nchi nzima ikamkodolea macho. Wakaiga wengine, na wengine tena, maduka yakajaa, hadi anayemeta akawa mtu wa kawaida tu. Halafu wakaja vijana wa nguo zilizochanika, wakawacheka.

"Ilidumu miaka michache, mwanangu. Mimi ndiyo sijashuka mpaka leo."

Usiku nilikuwa naota Shisanhang nzima ina raizoni, malaoban wanaimba polepole, hakuna anayesema mei you.

Nikamtumia makoti ya kwanza, bendi ikapendwa, Moshi wakaiga, Nairobi wakaiga. Oda zikanizidi, nikaacha kugeuza makoti. Ndipo mzee akaagiza makoti matano ya onyesho lake la mwisho, maana vidole vimeanza kukakamaa. Nikayapitisha bandari ya Huangpu, kwa meli. Joto la kontena likayeyusha gundi. Mzee alipofungua mfuko, makoti yana upara, na mmeto wote umelala chini kama mchanga.

Hakunigombeza. "Umenitumia historia yote, mwanangu, kupanda na kushuka, kwenye mfuko mmoja," alisema. "Ila onyesho ni Jumamosi."

Jana Mama Koku akasema kumeta basi, watu wamechoka, sasa tunanunua jinzi. Mzee nimtumie pole tu. Nawe umesema hivyohivyo.

Pole haivaliwi jukwaani, Dada.

Wewe unaruka kwenda Arusha Alhamisi. Acha nafasi kwenye begi. Kesho alfajiri nitakuwa mlangoni kwa laoban kabla hajafungua, na nitageuza koti mojamoja mpaka nione uzi. Akikataa kunipa matano, nachukua paketi nzima. Yatakayobaki nitavaa mwenyewe, nikienda kununua jinzi.