Maua ya Klova Yaliyokataa Kufunguka

Naomba mnisamehe mapema kwa mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu haukimbii. Lakini jana niliona klova, yale majani mafupi ya malisho, kando ya njia huku Nyamitanga, ninakoishi sasa, nikashindwa kupita.

Kwetu Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tulikuwa na kipande cha klova nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yalipotokea. Hakikuzidi mikeka miwili. Mama aliipanda kwa ajili ya kobai, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao watu wa Kivu hufuga jikoni, wakitembea kati ya miguu ya mpishi. Asubuhi nikishika tu kisu cha kuwakatia klova, walianza kupiga miluzi. Mpaka leo birika likianza kuchemka huwa nageuka kuwatafuta.

Mbegu zilitoka Kakiika, nje ya kambi. Mama alikuwa akienda huko kulima shamba la mke wa askari mmoja, na mara nyingine nilifuatana naye. Mama alimwita Afande, ingawa mwenye cheo alikuwa mume, na yule mama alicheka kila mara kama ndiyo mara ya kwanza kusikia jina hilo. Yeye ndiye aliyetupa kikopo cha mbegu, aliposikia habari za kobai wetu. Mwaka mmoja jua lilikuwa kali, ng'ombe wake akavunja uzio na kula klova yote ya yule mama hadi mizizi. Tulipofika alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Kongo, ile mbegu nilikupa iko wapi?"

"Iko mu udongo, Afande. Inaota muzuri."

"Basi letea mimi kikopo moja. Mvua ikianza, napanda."

"Nitakuletea. Huyu mutoto atazichunga."

Yule mama akanitazama. "Huyu? Huyu hata kusalimia mimi hapana weza."

Ilikuwa kweli. Mbele ya wageni nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu tu. Lakini nilijua mama hakuahidi ovyo. Tangu tuvuke mpaka, yule alikuwa mtu wa kwanza kumpa kitu bila kumwuliza karatasi. Mama alitaka sana kurudisha kikopo kile, awe jirani wa mtu tena.

Vichwa vya maua vikatokeza. Vichwa vingi vilipata rangi ya waridi upande mmoja tu, upande wa pili ukabaki kijani, umefumba. Kila jioni mama aliuliza kama maua yamefunguka, nami nilijibu bado kidogo. Siku moja nikapasua kichwa kimoja kwa ukucha. Ndani, pale ambapo mbegu ingekaa, kulikuwa na funza wa rangi ya machungwa, mdogo kuliko punje ya ulezi. Nikapasua ua la pili, la tatu. Kila lililofumba lilikuwa na funza wake.

Nilitia vichwa kadhaa katika chupa ya dawa yenye udongo wenye unyevu, nikaificha juu ya ukuta wa jikoni. Baada ya wiki kadhaa walitoka vijidudu kama mbu walionyimwa chakula, miguu mirefu, tumbo jekundu. Siku zote hizo niliendelea kumjibu mama, bado kidogo.

Mwishowe, mama akiwa Kakiika, nilichukua kisu nikakata vichwa vyote, hata vya waridi, nikidhani wadudu watakwisha navyo, nikawapa kobai. Nilipanga kusema mbuzi ameingia.

Mama aliporudi nikamwambia hivyo. Aliinama, akapapasa mashina.

"Hii mbuzi ya wapi inakata na kisu?"

Nikaenda kuleta chupa. Aliigeuza mbele ya mlango kwa muda mrefu.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu maua ianze."

"Mutoto wangu, mudomo Mungu alikupa ya kula tu?"

Hakunipiga. Alikwenda kumwagia mashina yale maji ya kuogea, na mimi nikaendelea kuyamwagia kila siku. Klova ikachipua, ikatoa maua tena, na safari hii vichwa vilifunguka pande zote, nyuki wakaja. Vilipokauka tulivisugua kati ya viganja tukapepeta. Kikopo hakikujaa, kilipungua upana wa kidole.

Tulifika Kakiika mawingu yakiwa yamekusanyika. Mama akanisukuma mbele. "Sema weye."

"Afande," nikasema, "maua ya kwanza yalikuwa na wadudu. Niliyakata yote. Hizi ni za pili. Hazikujaa."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mgeni maneno mengi hivyo. Yule mama alitazama kikopo, akanitazama mimi.

"Kumbe iko na sauti," akasema. Akachota mbegu kidogo, akazimimina kiganjani mwa mama. "Hii ya panya yako."

Tulirudi nyumbani mama akicheka peke yake njiani, akirudia, "Panya yako, panya yako."

Kobai wale hawapo tena, na mahali pa klova pamejengwa. Mama naye hayupo wa kuniuliza kama maua yamefunguka. Jana nilipasua kichwa kimoja kando ya njia, nikakuta funza yuleyule wa rangi ya machungwa. Nilisimama naye kiganjani mpaka watu wakaanza kunitazama.

Sijui kama kukata kwangu ndiko kulikowanyima nyumba, au ilikuwa bahati. Hata jina lao kwa Kiswahili silijui. Wewe unayesoma, kama kwenu wana jina, au kama mlifuga kobai jikoni, niandikie, hata mistari miwili. Nasoma polepole, lakini nitaimaliza.