Pale Mzabibu Uliposimama

Juzi nilipita kwa jirani hapa Bumala nikamkuta anakanda kinyesi cha ng'ombe na majivu, anasiliba ukuta wa jiko. Harufu ile mbichi, yenye nyasi ndani yake, ikanisimamisha njiani. Wengine wakiisikia wanakunja pua. Mimi huwa namwona dada yangu Nafula, mikono imechafuka mpaka kwa viwiko, ananicheka.

Kwetu ni Marachi, kwa miwa. Baba alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu, na safari moja ya Dodoma alileta miche miwili ya mzabibu imefungwa kwa gunia bichi, akaipanda kando ya ua, upande wa ndani. Baadaye akavuka Malaba na lori lingine, Uganda ikammeza. Tulisikia tu ana boma huko. Mama hakulia mbele yetu. Aliacha tu kuangalia upande ule wa ua. Mizabibu ikapanda juu ya choo, ikawa msitu ambamo kuku wa jirani walitaga bila kuomba ruhusa. Zabibu hakuna. "Mti wa mtu aliyeenda hauna mwenyewe," mama alisema, akaanika matambara juu yake.

Nafula alizaliwa na ule ugonjwa wa damu unaokamata mifupa. Ukimshika, analala kwa mkeka akiuma kona ya leso. Shule aliiacha, na wachumba waliogopa kuja. Siku moja alitoka kliniki Busia akasema amemwona mama fulani kwa foleni akila zabibu polepole, kama mtu anayesali rozari.

"Na sisi zetu zimelala tu," akaniambia. "Kadogo, lete panga."

Hapo kichwa changu cha utoto kikapanga mambo yake: mzabibu ukiamka, Nafula naye ataamka. Sikumwambia mtu.

Sasa, sisi ni watu wa miwa, na muwa unakatwa chini kabisa, karibu na udongo, ndio shina lichipue kwa nguvu. Mzabibu wa kwanza tukaukata vivyo hivyo. Mvua ilikuwa imeanza. Kisiki kikatoa maji tone kwa tone, asubuhi mpaka jioni. Nikakifunga kitambaa, kitambaa kikalowa. Mwishowe kikakauka, na hakuna kilichochipuka.

"Tumeua," nikasema.

"Tumesoma," akasema Nafula. "Huu wa pili tusiufanye muwa, bana. Nimekumbuka, baba alikuwa anaacha macho mawili kwa kila tawi."

"Macho gani?"

"Si hivi vivimbe, wewe. Hata mti unataka kuona mahali unaenda."

Tukaupunguza polepole, yeye ameketi kwa kiti cha jikoni akionyesha kwa kidole, mimi nikikata kwa kisu cha mboga. Kila jeraha tulilipaka kinyesi na majivu, dawa ya kubuni wenyewe. Mama alipita na ndoo, akatuangalia, akaenda zake. Lakini jioni alianua matambara yake.

Macho yakafunguka, yenye manyoya kama kifaranga. Kisha vikaja vishada, kijani, vigumu kama pojo. Nafula alionja moja, uso ukakunjamana, tukacheka mpaka akashika kifua. "Zikiiva, mama ndiye wa kwanza," akasema.

Hazikuiva. Maumivu yalikuja na baridi ya mvua, akapelekwa hospitali kwa boda boda, amebanwa katikati ya mama na mwenye pikipiki. Alirudi kwa jeneza.

Ndugu za baba waliketi na mama chini ya turubai. Msemaji alikuwa baba mdogo Barasa.

"Msichana hajaolewa, hawezi kulala ndani ya boma, mama Nafula. Ni kule nje, kwa miwa."

"Huko simpeleki, shemeji."

"Hii si yako wala yangu. Ni desturi."

"Basi pale kwa ua, lakini kwa ndani."

"Pale pana mti wa ndugu yetu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mama. Hakugeuka.

"Ng'oeni," akasema.

Nilikumbatia shina mpaka jirani akanibandua. Jembe likakata mizizi, vishada vikaanguka kwa udongo, watu wakavikanyaga. Nikamwambia mama, "Ulikuwa unauchukia tu." Akafunga leso yake vizuri, akaenda kupokea wageni. Neno hilo nilikaa nalo miaka mingi, nikimlaumu wakati tunakula sahani moja.

Kisha akafa Auma, binti wa baba mdogo Barasa, naye hajaolewa. Wakampeleka kwa miwa. Miwa ilipokatwa na kuota tena, mama mdogo, mamake Auma, aliniomba nimsindikize kung'oa magugu kwa kaburi. Tukatembea katikati ya mistari. Ni hapa. Hapana, ni pale. Trekta lilikuwa limepita, na mistari yote ilifanana. Mwishowe akachagua mahali tu, akapiga magoti, akaanza kung'oa.

Nilirudi kwa mama nikamkuta ameketi kando ya ua, karibu na Nafula, anachambua mboga.

"Asante kwa hapa," nikasema.

Akaacha kuchambua.

"Umechelewa," akasema, akasogeza ungo. "Keti."