Pikipiki Aliyoionea Haya Kaka Yangu

Nilikuwa na miaka thelathini na moja nilipoinunua ile pikipiki, na katika hospitali ya Ibra nilikokuwa nikifanya kazi ya kupima damu hakuna hata mtu mmoja aliyenipa hongera, akanambia mabruki. Aliyeniuzia alikuwa fundi wa eksirei, Mfilipino, anarudi kwao moja kwa moja. Ilikuwa ya Kijapani, nyekundu, tangi limebonyea upande mmoja pale alipoangukia changarawe. Daktari mmoja wa Kihindi aliniuliza kwa upole kama nina shida nyumbani. Mwomani mwenzangu wa mapokezi, mtu wa ukoo mkubwa wa pale pale Ibra, alicheka mpaka akashika meza.

"Seikal?" akasema kwa Kiarabu. "Seikal ni ya wapeleka magazeti. Nyinyi watu wa Zanjibari mna mambo!"

Sisi watu wa Zanjibari. Nilikuja Omani na miaka kumi, nimesoma hapa, nimeoa hapa, pasi yangu ya hapa. Lakini kila nilichofanya kisichokuwa cha kawaida kilirudishwa kule kule. Samaki nikimtia nazi, Uzanjibari. Nikicheka kwa sauti, Uzanjibari. Basi na pikipiki nayo ikaingizwa humo humo, ijapokuwa mjini kwetu Ibra sikumjua Mzanzibari mwengine aliyekuwa nayo.

Niliizoea kebehi hiyo. Kila wiki ya pili, Alkhamisi asubuhi, mke wangu akenda na watoto kwa mama yake, mie nikafunga kofia ngumu nikashika njia ya Sinaw, kisha Izki, mpaka Firq, nje kidogo ya Nizwa, alikokuwa akikaa baba yangu. Mwendo wa saa mbili na nusu. Wakati wa joto upepo unakupiga kifuani kama umefungua mlango wa tanuri, na ngamia anakatiza barabara bila ya kukutazama. Nilifika midomo imekauka, na nina furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwelezea isipokuwa baba.

Baba alikaa kwa kaka yangu. Mama alishatangulia mbele ya haki. Kaka amenizidi miaka minane. Alikuwa mudiri, mkuu wa idara, katika ofisi moja ya serikali, ameoa kwa watu wa Nizwa, amejenga nyumba ya ghorofa mtaa wa pili kutoka kwenye magereji. Nyumbani mwake kilisemwa Kiarabu tu. Wanawe walimbusu babu yao mkono, wakamwita *jaddi*, na baada ya hapo hawakuwa na la kumwambia. Si kwamba baba hakujua Kiarabu. Alikijua cha kusalia na cha kuombea kazi. Cha kuchekea hakuwa nacho.

Mara ya kwanza aliposikia injini yangu alitoka miguu mitupu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Plagi ngapi hii?"

Sikujua wakati ule kwamba ujana wake wote aliupitisha juu ya pikipiki. Alikuwa fundi wa simu Unguja, kabla ya mapinduzi, na serikali ilimpa pikipiki ya kuendea mashamba kutazama nguzo. Hayo hakuwahi kutuhadithia. Aliyoyaacha kule mengi aliyafunga mdomoni. Siku ile aliizunguka mara mbili, akalipapasa tangi pale lilipobonyea, akasema, "Nipakie."

Akaikusanya kanzu yake katikati ya miguu, mkono mmoja begani kwangu, wa pili kakamata kofia isiruke. Tukenda Nizwa mjini, kwenye mkahawa wa Wahindi wa Malabari karibu na soko la mbuzi, tukanywa chai ya maziwa. Njia nzima alinipigia kelele sikioni.

"Kata giya! Husikii injini inalia?"

"Nimekata, baba!"

"Hujakata! Unaitesa bure!"

Tulifanya hivyo miezi kama sita. Alianza kuwa na rangi. Mke wa kaka mwenyewe alinambia kwamba siku za Jumatano, akijua kesho nakuja, mzee anakula vizuri.

Halafu siku moja, kwenye mzunguko wa barabara wa Firq, gari la kaka lilisimama ubavuni mwetu likiwa na wageni wawili. Baba alimpungia mkono. Kaka alitazama mbele.

Alasiri aliniita chumbani kwa baba, na baba mwenyewe amekaa pale pale kitandani.

"Unajua nilikuwa na nani garini?" akaniuliza kwa Kiarabu.

"Baba mwenyewe ndiye aliyetaka," nikamjibu kwa Kiswahili.

"Mtu wa miaka sabini na mbili anapakiwa kwenye seikal kama mtungi wa gesi! Kanzu iko magotini! Na watu wanasema yule ni baba yake mudiri."

"Mie nipo hapa," baba akasema. "Msiniseme kama sipo."

Kaka akateremsha sauti. "Baba, sikukatazi kutoka. Gari lipo, dereva yupo. Wewe sema tu unataka kwenda wapi."

Baba akakunja na kukunjua ncha ya shuka. Halafu akasema, "Nyumba yako, mwanangu."

Ilikuwa nimwambie, baba, inuka, twende Ibra. Tulikuwa na vyumba viwili na watoto watatu, lakini mke wangu asingesema neno, na watoto wangu Kiswahili walikijua. Sikumwambia. Mpaka leo kila nikitaka kumlaumu kaka inanilazimu nianzie hapo, na lawama inanivunjikia mkononi.

Tena nikakubali na jengine. Kaka alitaka pikipiki isionekane mlangoni kwake, nikawa naiacha kwenye gereji ya Mpakistani mmoja mtaa wa nyuma, naja kwa miguu. Baba akajua. Akawa ananifuata gerejini, eti kunyoosha miguu. Anaikalia hiyo pikipiki ikiwa kwenye stendi, imezimwa, anashika mikono ya usukani, anabana klachi, anaachia. Yule Mpakistani akimletea kibao cha kuwekea miguu. Mie nasimama pembeni na ufunguo mfukoni. Ufunguo ninao, na pikipiki siiwashi.

Ilikwenda hivyo mwaka na kitu.

Siku aliyokufa baba nilikuwa kazini. Saa tatu asubuhi niliitwa kwenye simu; dada yangu, anayekaa Sur, analia.

"Uko njiani au bado?"

"Njiani wapi?"

"Hukuambiwa? Baba hatunaye. Amefariki alfajiri. Mie nimeambiwa tangu saa moja."

Nikapiga nyumbani kwa kaka. Mkewe ndiye aliyepokea. Nikamwambia, nakuja, nakuombeni mningoje hata nusu saa. Akasema, inshallah, maziko baada ya adhuhuri, atamwambia. Gari sikuwa nalo, na dada alikuwa mbali upande wa pili. Nikatoka na nguo za kazini.

Usiku wake ilikuwa imenyesha mvua milimani. Kupita Sinaw nilikuta magari yamesimama mstari mzima: wadi, mto wa msimu, imeshuka, maji ya rangi ya chai yanavuka juu ya barabara, yamebeba matawi na mzoga wa mbuzi. Kwa mwaka mzima ni changarawe tupu, ukipita hapo huna habari. Watu wamezima injini, wengine wanapiga picha. Nikateremka, nikasimama ukingoni. Mzee mmoja wa Kibedui alinishika mkono akanambia nisijaribu, usiku huo tu kachukuliwa mtu na gari lake. Nikamwambia baba yangu kafariki. Akaniombea, lakini mkono hakuuachia.

Nilingoja saa nzima na zaidi. Maji yaliposhuka chini ya magoti nilitangulia mbele ya magari yote, nikaisukuma pikipiki imezimwa, kiatu kimoja kikachukuliwa. Ng'ambo ya pili haikuwaka. Nikafungua plagi, nikaikausha kwa shati, nikamwaga maji kwenye silensa. Ilipowaka nilikuwa nalia kwa sauti, na hakuna aliyenisikia.

Nilifika Firq watu ndio wanarudi makaburini. Wanaume kwa makundi, kanzu nyeupe, vilemba. Wakanipisha barabarani, wamedhani mimi nimepotea njia. Kaka alikuwa katikati yao.

"Mmeshamzika?"

"Maiti hangojewi," akanambia.

"Nilikuomba unipe nusu saa. Nilimwambia mkeo."

"Na watu wote hawa wasimame juani wakungoje wewe na seikal yako? Ungekuja na gari."

"Magari yote yamekwama wadini. Mie peke yangu nimevuka."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka ule mguu usio na kiatu, akamwambia dereva wake anitafutie kanzu. Na neno lake lilikuwa la haki, ndilo lililonichoma. Maiti huharakishwa, kila Muislamu anajua.

Nikakaa tanzia kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume wa mtaa, na kanzu ya kuazima iliyonipita vifundo. Watu wanaingia, wanatoa mkono, wanakunywa kahawa. Aliyeuliza huyu ni nani, kaka alimjibu, "Ndugu yangu, daktari wa Ibra." Mara ya kwanza nilifikiri kateleza ulimi. Alisema hivyo siku nzima.

Siku ya pili, baada ya alasiri, nilikwenda kutazama pikipiki. Nilikuwa nimeiegesha ubavuni mwa nyumba. Gereji sikuikumbuka siku ile. Haipo. Nikaikuta uani, nyuma ya banda la mbuzi, imefunikwa busati kuukuu, na juu ya busati limewekwa karai.

"Nani kaiweka huku?" nikamuuliza dereva, Mbangali, mtu mwema.

Akaangalia chini. "Arbab amesema," yaani kaka, tajiri wake. "Watu wakubwa wanakuja, si vizuri."

Nikaliondoa karai. Nikaliondoa busati. Nikavua ile kanzu, nikaikunja nikampa dereva, nikavaa nguo zangu za kazini zilizokauka na tope. Nikaisukuma mpaka mbele ya sabla, nikaiwasha pale, na nikaivutisha moto kuliko ilivyohitaji. Wanaume wakachungulia. Kaka alitoka mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi.

Nilipita makaburini. Makaburi ya kule hayaandikwi majina, ni mawe tu, moja kichwani na moja miguuni, na nilikuta udongo mbichi pahala pawili. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Nikaomba dua kwenye la kwanza, nikaomba na kwenye la pili, nikaondoka sijui nimemuaga baba au nimemuaga mtu mwengine.

Kwa hilo nililaumiwa, na kwa haki. Mtoto gani anatoka katika tanzia ya baba yake siku ya pili? Dada yangu alinipigia akanigombeza. Ami zangu walikaa mwaka hawanisemeshi. Kaka hakuhitaji kusema neno. Baada ya hapo sisi wawili tukabaki na salamu za Idi, na hizo kwa ujumbe wa simu. Pikipiki niliipanda miaka mingine minne mpaka mgongo ukakataa, nikamwachia mtu wa Sinaw.

Miaka ikapita kumi na zaidi, na dunia ikageuka. Vijana wa Kiomani wa kazi nzuri wakaanza kununua pikipiki kubwa kubwa, wakenda nazo kwa makundi siku za mapumziko, mpaka Ras al Hadd, na watu wakasimama kuwatazama. Siku moja simu ikalia. Kaka. Akanisemesha Kiswahili, mtu niliyekaa miaka sijamsikia akikisema.

"Mwanangu kanunua pikipiki. Njoo uitazame, wewe ndiye mjuzi wetu."

Nilikwenda, na gari. Pikipiki ilikuwa uani mbele, mlangoni kabisa, nyeusi, ya thamani kuliko gari langu. Kulikuwa na wageni, halwa, kahawa. Kaka alisimama mkono juu ya kiti cha pikipiki, akawaambia kwa Kiarabu, "Hii kwetu imo katika damu. Marehemu baba alikuwa akipanda seikal Zanjibari." Wageni wakasema mashallah. Mie nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikitikisa kuonesha nimetosheka, nikamrudishia mmiminaji.

Yule kijana, mtu mzima sasa, mhandisi, alinifuata kando.

"Ami, mama anasema ulikuwa ukimpakia jaddi. Kweli?"

"Kweli."

"Akisema nini?"

Nikajaribu kumweleza kwa Kiarabu, maana Kiswahili hana. Kelele za sikioni, giya, injini inateswa. Yalinitoka maneno makavu, kama ripoti ya maabara. Kijana alitabasamu kwa adabu. Baba yake akaja akatuwekea mikono mabegani, mmoja kwangu mmoja kwake.

"Nzuri, au siyo?" akaniuliza.

Nilikuwa nayo yote mdomoni: mtungi wa gesi, busati, karai. Miaka kumi na kitu nimeyapanga usiku na mchana jinsi nitakavyoyasema.

"Nzuri," nikasema. "Afunge kofia."

Nyumbani mke wangu aliniuliza nimemwambia nini ndugu yangu. Nikamwambia sikumwambia kitu. Akanitazama, akaweka wali na mchuzi wa papa juu ya mkeka.

"Basi kula," akasema.