Roketi ya Kambale

Mwezi wa nane, vita vikiendelea, tulimpoteza mtoto wetu Kambale, mwanafunzi huko Beni. Aliacha roketi ndogo ya bati aliyokuwa akiijenga: ncha kali upande mmoja, mabawa upande wa pili. Nilitaka kuimalizia ili rafiki zake waione siku ya kuondoa matanga.

Mimi sijaona roketi ikiruka. Hapa Butembo tulijua mabomu tu, nayo huanguka ncha mbele. Basi nikaichomeka ncha kwenye kibao, mabawa juu. Kutoka tyubu ya dawa ya meno nikakata ngazi nyembamba na viduara vya kubandika ubavuni vionekane kama vichwa vya misumari. Kwenye mlango wa roketi nikagandisha mtu wa waya, nikajisifu kama fundi wa kanisa kubwa.

Siku ya matanga, Masika, rafiki wa Kambale wa darasani, aliinamisha shingo kuitazama.

“Papa, mais lakini kichwa iko chini!”

“Si inashukaka vile?”

“Hapana, papa. Ya Kambale ilikuwa ya kupanda.”

Akaigeuza mbele ya watu wote. Mke wangu akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Mtu wangu wa waya akabaki mlangoni, miguu juu.